Kamera Inayotazama Ndani

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao na tairi bovu la lori, nje ya kibanda cha Waya, fundi umeme wa magari. Kila alasiri kahawa inafika, na ikishafika, ubishi nao huo. Siku hiyo mbele ya benchi lilisimama gari la zahanati, lile la magurudumu manene, milango yote wazi. Bosi alikuwa ameleta boksi lenye kamera mbili: moja ya kutazama njia, nyingine ya kumtazama dereva. Dereva mwenyewe walimwita Jabali, kwa kuwa ndiye pekee aliyekubali kulishusha gari ule mteremko wa korongoni; wenzake wote walizunguka njia ya mbali, siku nzima. Kikombe alikishika tangu kahawa ikiwa moto na hajaionja bado.

— Ya mbele tayari, — Waya alisema, akitoa kichwa chini ya dashibodi, bisibisi sikioni. — Nimeibandika juu kabisa, nyuma ya kioo cha kati. Nyaya zimepita pembeni mpaka kwenye fyuzi. Haimzibi mtu.

— Itadondoka hiyo, — alidakia Mkasi, kinyozi wa kibanda cha pili. — Jua likiwaka gundi inalegea. Ningekuwa mimi, ningeifunga kwenye bampa.

— Bampani! Mto wa kwanza tu itapiga picha za samaki.

— Si ndiyo vizuri? Bosi aone maji yalivyokuwa mengi.

— Nyie watoto hamjui sheria, — alisema Hakimu, ambaye maisha yake yote hajahukumu hata kuku; alikuwa tarishi wa mahakama. — Kamera ni shahidi. Shahidi hawekwi mahali pa kugongwa wa kwanza. Ipandisheni juu ya paa, itazame gari zima.

— Huko matawi yataing'oa, mzee.

— Basi itatoa ushahidi dhidi ya matawi!

Walicheka. Jabali naye alicheka, ila alichelewa, na kicheko chake hakikufika mbali.

— Na hii ya ndani, Waya, — alisema, akijifanya hana haraka. — Kwani haiwezi kutazama nyuma huko? Za kulindwa ni dawa, si mimi.

— Hii ni ya uso wako, kaka. Ukifumba macho sekunde mbili inapiga kelele, na papo hapo bosi anapata ujumbe kwenye simu.

— Sekunde mbili?

— Mbili tu. Ni kwa ajili ya wanaosinzia. Wewe wasiwasi wako nini?

Jabali hajawahi kusinzia kwenye usukani hata siku moja. Shida yake nyingine kabisa. Pale korongoni, pua ya gari ikiinama na njia ikapotelea chini ya boneti, macho yake hujifumba yenyewe. Ni tangu ile siku alipobingirika pale na gari la kwanza. Anafumba, anang'ang'ania usukani na gia ya kwanza, anahesabu mpaka nne, anafumbua, amefika chini. Miaka miwili sasa. Hata mkewe hajui. Na kila safari pembeni yake anakaa Sista, muuguzi wa zahanati, mama wa watu, na boksi la chanjo mapajani. Aibu hiyo ilimla kuliko hata hofu ya kufukuzwa kazi.

— Mimi nasikia zinasoma mpaka mawazo, — alisema Mkasi. — Jamaa mmoja alimfikiria tu mchepuko wake, kamera ikalia mpaka nyumbani.

— Mawazo hayapokelewi mahakamani, — alisema Hakimu.

— Jabali, vaa miwani ya jua, mwanangu, umalize kesi! — alisema Mkasi.

— Miwani inasaidia? — Jabali aliuliza upesi mno.

— Haisaidii, — alisema Waya. — Inaona mpaka kope.

— Basi achorwe macho juu ya kope! — alisema Hakimu. — Hata akilala, yeye anatazama!

— Aah, mzee wewe!

Wenzake walishika mbavu. Jabali alijikuta anawaza ni wino gani usiofutika kwa jasho, akajionea huruma.

Hapo akatokea mwanamke wa makamo, sare ya uuguzi, mkoba begani.

— Hamjambo? Namtafuta dereva wa zahanati.

— Ndiye huyu. Karibu, Sista.

— Asante. Kesho mimi ndiye nitakayekwenda nawe, kaka. Mwenzangu kahamishwa leo.

— Kahamishwa? Mbona hakuniaga?

— Imekuja ghafla. Ila ameniachia maagizo. — Alifungua karatasi, akasoma taratibu. — “Mkifika korongoni, usisinzie. Gari likianza kuinama, sema kwa sauti: kulia kidogo, kulia tena, nyoosha, haya. Usinyamaze mpaka afumbue.” — Akainua uso. — Sasa jamani, naomba kuuliza. Afumbue nini?

Mkasi alimtazama Hakimu, Hakimu akatazama ndani ya kikombe. Waya alibaki na kamera mkononi. Muuza kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha.

Jabali aliisikia upya ile sauti ya Sista aliyehamishwa, kila safari pale korongoni. Kulia kidogo, kaka. Nyoosha. Miaka miwili alidhani ni woga wa mama wa watu unaoongea, na siku moja alimwambia apunguze maneno. Kumbe mikono yake mwenyewe ilikuwa inamtii. Machozi yalimlengalenga mbele ya kijiwe kizima.

Aliweka chini kahawa iliyopoa.

— Macho, Sista, — alisema. — Nafumba macho. Waya, ifunge hapa, usawa wa uso wangu. Kesho tunazunguka njia ya mbali. Bosi nitamwambia mwenyewe.