Bi. Paskalina Anaondoka, Muhuri Unabaki

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi. Paskalina Margwe anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Ofisi yetu hapa Katesh imeandaa pilau, soda na keki. Mtu wa kushika kazi yake haijamwandaa.

Aliajiriwa kama mpiga chapa, enzi za mashine zilizosikika hadi sokoni. Kompyuta zilipoingia, wengi wetu tulikimbilia kucheza karata humo. Yeye alijifunza kazi. Akakabidhiwa matangazo yote yanayokwenda vijijini.

Mwaka 2017 tangazo moja lilimfedhehesha. Lilikuwa na safu mbili: kushoto chanjo ya ng'ombe wa Basotu, kulia mbegu za ngano kwa wakulima wa Gitting. Mwalimu Yonas wa Gitting haoni. Husomewa nyaraka na simu yake. Simu ikasoma kwa kuvuka safu, mstari hadi mstari. Mwalimu akapiga: "Shikamoo dada. Hiyo ngano tunaichanja shingoni au pajani?" Ofisi nzima ilicheka. Bi. Paskalina hakucheka.

Tangu siku hiyo kila waraka aliuwekea lebo zisizoonekana kwa macho: hiki ni kichwa, hili ni jedwali, picha hii inaonyesha nini, anza hapa ndipo uende pale. Simu ikawa inasoma kama mtu mwenye akili zake. Mwalimu akawa wa kwanza kijijini kupata habari, na majirani wenye macho wakawa wanamwuliza yeye.

Sasa niseme ukweli, ingawa sherehe hizi hazijauzoea. Kwetu waraka usio na muhuri si waraka. Kwa hiyo kila alichokipanga kwa siku mbili tulikichapa, tukakigonga muhuri, tukakiskani, tukakituma. Kilichofika vijijini kilikuwa picha ya karatasi tu. Lebo zote zilikwisha kufa. Yeye, kimyakimya, alimrushia Mwalimu nakala safi kwa simu yake mwenyewe.

Machi mwaka 2024 alikuwa likizo. Likatoka tangazo la kupima mipaka ya mashamba Gitting. Simu ya Mwalimu ilisema neno moja: picha. Akadhani ni salamu za Kwaresima. Siku ya kupima hakuwepo, na kigingi kikachomekwa katikati ya mahindi yake. Kipo mpaka leo. Aliyeskani lile tangazo ni mimi. Nimekwenda kuomba radhi, lakini radhi haisogezi kigingi.

Bi. Paskalina ameandika barua kumi na moja akiomba apewe mtu wa kumfundisha. Zote zilijibiwa, tena kwa muhuri. Mtu hakuletwa. Mimi nimeokoteza nusu ya ujuzi wake wakati wa chai, na nusu hiyo inanitia aibu.

Zawadi aliyoomba ni moja tu: wasifu huu umfikie Mwalimu Yonas ukiwa unasomeka. Rasimu ya jana niliiwekea lebo asubuhi nzima. Saa nane ilirudi kutoka kwa mkubwa imechapwa, imegongwa muhuri, imeskaniwa. Nakala hii nayo itapita njia hiyohiyo. Mwalimu ataambiwa ni picha.

Dada Paskalina, ahsante kwa miaka yote. Nenda nyumbani, ukaishi kwa afya na amani. Sisi tunabaki na muhuri.