Dakika Saba za Bi Zima na Barua Iliyo Kwenye Faili Lake

Wasomaji wenzangu wa jarida letu, nawasalimu kwa upendo. Hamjambo huko wodini, maabara, jikoni na getini? Waliokuwa na mafua wiki iliyopita, mmepata nafuu? Huku chumba cha kufulia tunamshukuru Mungu, tu wazima, na mvuke unatutoa jasho kama kawaida yake. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio unaochemka, kwa hiyo mnivumilie.

Ijumaa hii, tarehe thelathini, msimamizi wetu anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na mitatu. Jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa wengi hamlijui. Mnamjua kama Bi Zima. Mhariri alinipa ukurasa huu akaniambia, "Mama, andika mambo matamu, watu wacheke, umalizie na baraka." Matamu yapo mengi na nitayaandika. Lipo na chungu moja, na hilo nimelimeza miaka kumi na mmoja.

Bi Zima alianza kwa kufua kwa mikono, enzi ambazo damu kwenye mashuka ilisuguliwa kwa brashi. Zilipoletwa mashine, yeye ndiye aliyezizoea kwanza. Akapewa pasi kubwa ya rola, ile inayomeza shuka likiwa limekunjamana na kulitema limenyooka kama karatasi. Baadaye akapewa chumba kizima. Katika miaka yote hiyo, chumba cha upasuaji hakijawahi kukosa mashuka safi asubuhi. Hata siku moja. Waulizeni manesi.

Jina la Bi Zima lilitoka wapi? Mashine zetu zimekuja na vibao vya maelekezo kwa Kiingereza kitupu. Kile cha rola kinasema, kabla hujaingiza mkono, "turn off". Maana yake zima. Sisi wengi tuliishia darasa la saba, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea chaki. Bi Zima aliona hatari hiyo mapema. Akaweka utaratibu wake: kila asubuhi, dakika saba kwa saa ya ukutani, tunasimama mbele ya rola na kila mtu anatoa sentensi moja yenye neno hilo. Isitoke kitabuni, itoke nyumbani kwako. Na iwe ya kweli. Sentensi ya uongo ilirudiwa mara tatu.

Tulicheka jamani! "I turn off the radio when my husband snores." Hiyo ilikuwa yangu, maana yule bwana na redio wote wakikoroma pamoja hulali. Mzee wa mashine za kufulia, tunayemwita Povu, siku moja akasema, "My mother-in-law is talking. I cannot turn her off." Bi Zima alishika kiuno akamwambia, "Sentensi yako haina kosa, Mzee Povu. Ila ukiipeleka nyumbani, usije kulala kwenye mashuka yangu." Tulikunja mashuka siku ile machozi yakitutoka kwa kicheko.

Mfanyakazi mgeni hakugusa rola kabla hajasema sentensi tatu akiwa ameweka kidole kwenye kitufe chekundu. Huo ndio ulikuwa mlango wa kuingilia kwa Bi Zima. Miaka yote ya utaratibu huo, hakuna aliyeungua hata ukucha.

Ndipo akaja meneja wetu wa utawala, ambaye bado yupo nasi. Alitukuta asubuhi tumejipanga. Akatazama saa yake.

"Hapa ni kufua au ni chekechea?"

"Ni kufua, bosi," Bi Zima akamjibu. "Tuko sita, tuna mikono kumi na miwili. Nataka jioni nihesabu kumi na miwili."

Hakucheka. Kesho yake karatasi ikabandikwa mlangoni, na sahihi yake chini kwa wino wa kijani: kuanzia siku hiyo, mazoezi ya Kiingereza ni marufuku wakati wa kazi, na atakayekaidi ataondolewa. Bi Zima akaenda ofisini kwake mara mbili kumsihi. Mara zote mbili alirudi ameinamisha kichwa.

Siku tisa baadaye tuliletewa dada mgeni kutoka jikoni. Akawekwa kwenye rola siku hiyohiyo, bila sentensi hata moja. Shuka likajikunja ndani. Nikamwambia, "Zima, dada, nilivute." Akabonyeza kitufe cha kupunguza mwendo, akasema, "Tayari." Simlaumu, nani alikuwa amemwonyesha? Nikaingiza mkono.

Ndiyo, ni mimi. Ni mkono huuhuu ninaoshikia kalamu. Ngozi ya kiganja mpaka kwenye kifundo ilibaki kwenye rola. Aliyekimbia na kuizima ni Bi Zima, na aliyeniosha na kunilisha wodini wiki tatu ni yeye.

Sasa sikieni alicholipwa. Uchunguzi ulipofanywa, aliandikiwa barua ya onyo kwamba "alizembea kuwaelekeza walio chini yake". Yeye! Mtu aliyekatazwa kuelekeza! Ile karatasi ya mlangoni ilikuwa imetoweka, na meneja aliiambia kamati ya uchunguzi kuwa hakumbuki kuiandika.

Haikutoweka. Niliibandua mimi, asubuhi ya siku niliyoungua, kwa sababu ilinichukiza kuiona. Kamati ilipokuja kitandani kwangu kuniuliza, meneja alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameniambia kwa sauti ya upole kwamba mtu mwenye mkono mmoja atahitaji sana huruma ya ofisi. Nilikuwa na watoto wanne. Nikajibu kwamba sikuona karatasi yoyote. Mungu alikuwapo mle wodini, alinisikia. Tangu siku ile karatasi inakaa ndani ya kitabu changu cha sala, na kila nikikifungua, wino wa kijani unanitazama.

Wiki iliyopita orodha ya vyeti vya utumishi safi imetoka. Bi Zima hayumo, kwa sababu ya barua ile. Atapewa saa ya ukutani na makofi. Alipomaliza kuisoma ile orodha, alisema tu, "Nilitaka kimoja cha kutundika sebuleni," akaenda kuangalia mvuke. Hapo ndipo hasira yangu ilipovuka mpaka. Nimemkasirikia meneja, ndiyo, lakini wa kwanza niliyemkasirikia ni mimi.

Jana nilimweleza yote. Akaushika mkono wangu huu, akaugeuza, akasema, "Sasa nipe sentensi ya kweli." Ndiyo hii, dada yangu, naitoa mbele ya hospitali nzima: niliiona karatasi, nikasema sikuiona, na wewe ukaadhibiwa.

Asante kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa kila mkono uliorudi nyumbani mzima. Mungu akupe asubuhi ndefu za kukaa na wajukuu, usiamshwe na king'ora cha mashine yoyote.

Nawe Meneja, karatasi ninayo, na nakala nimempa mhariri. Nakuomba uiondoe ile barua kwenye faili, na jina lake liingie kwenye orodha ya vyeti. Sherehe ni Ijumaa saa nne asubuhi. Nipo kwenye meza ya kukunjia mashuka kila siku kuanzia saa moja. Tafadhali nijibu mapema.