Bi. Adelia Stroud wa Olmotonyi na Riwaya Yake ya Nane

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya boma la mzee Simel, lililomfanya mtu wake, tunawasomea maisha ya Bi. Adelia Stroud, mtunzi wa riwaya, nasi tunayasoma vifua mbele, maana si kila kijiji kinazika mtu wa namna hii.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1858 katika jimbo la Ohio, Marekani, binti wa seremala, akasoma kijijini kwao hadi 1874, akawa mwalimu, na mwaka 1884 akatoa riwaya ya kwanza, zikafuata sita, watu wakazisoma mpaka zikachakaa. Alifunga ndoa tarehe 2 Juni 1886, mumewe akafariki mwaka 1903, wala Mungu hakuwajalia mtoto. Mwaka 1906 alishuka Tanga, akapanda hadi hapa Olmotonyi kuandika riwaya ya nane, juu ya mwanamke Mwarusha, akifundishwa Kimaasai na Namnyaki, binti wa mzee Simel.

Hapo ndipo msomi wetu alipojikwaa. Kuuliza si ujinga, lakini yeye kwa miaka saba alimwuliza Namnyaki jina la marehemu mama yake, Namnyaki akanyamaza, naye akalipata kwa jirani mropokaji, akalitia kitabuni, na Agosti mwaka huu wa 1913 akamsomea kwa furaha. Namnyaki aliziba masikio akaondoka, kwa kuwa kwetu mtoto halitamki wala halisikilizi jina la mzazi aliyekufa. Siku nane hakuonekana, homa ikampanda mwandishi, na mzee Simel alipomweleza kosa lake, mwandishi alilia, kisha akaomba kalamu alifute jina hilo kitabuni.

Mfuko wa barua ulikuwa uondoke Jumatatu kwenda Moshi kupanda treni, na kurasa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Namnyaki akarudi. Hakujua kusoma, lakini alijifunza umbo la neno moja tu, lile la mama yake, ili alisake, na lo, wawili hao walilinasa mara sitini na tatu, mbili zikiwa zimempita mwandishi mwenyewe, na kila lilipofutwa pakaandikwa Yeyo, yaani mama. Jumatatu asubuhi kitabu kiliondoka kizima, boma zima likashangilia.

Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Septemba 1913. Tunamshukuru daktari wa misheni aliyepanda mlima kwa miguu kila siku, majirani walioleta maziwa na kuni, na makarani wa posta walioungoja mfuko wetu.

Namnyaki amesimama nje ya uzio tangu tulipoanza, asilisikie jina la marehemu, kwa kuwa amesema yeye ni mtoto wake. Tumemaliza kulisoma, mwiteni aingie.

Pumzika kwa amani, Yeyo.