Chuma cha Mfereji wa Xavérine

Ndugu waombolezaji, mimi ni Karenzi, mdogo wake marehemu, familia imeniteua niwasomee maisha yake, kazi niliyojaribu kuikwepa, na sababu mtaisikia.

Xavérine Kabatesi alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Karagwe, Tanzania, wazazi wetu walikokuwa wakimbizi, akasoma hukohuko hadi sekondari, na mwaka 1995 tukarudi nyumbani, mimi nikiwa bado mtoto na yeye kanishika mkono kuanzia mpakani. Mwaka 2001 alihitimu masomo ya kilimo, na tarehe 6 Julai 2002 akafunga ndoa na Jean Bosco, mvuvi wa hapa Nyamyumba, wakajaliwa watoto wawili, Shyaka na Akaliza.

Tangu 2003 alikuwa afisa kilimo wetu, lakini kazi iliyomnyima raha ni ile aliyojipa mwenyewe mwaka 2021, alipoona maji ya ufukweni yanageuka kijani na nyavu za mumewe zinarudi na utelezi, akatuambia kwamba mbolea ya karoti zetu inateremka na mfereji hadi ziwani, akaenda karakana ya Sulaiman mjini kuomba mabaki ya chuma yanayodondoka kwenye mashine ya kukereza, akayajaza katika masanduku ya mbao na kuyatega mferejini, ili kutu iinase ile mbolea. Tulimcheka, mimi wa kwanza, na baada ya misimu michache maji yakatakata.

Februari 2025 aliugua figo, Mei akalazwa. Jumamosi ya tarehe 28 Juni, siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mimi nilisimamia usafi wa mfereji, na kwa tamaa ya kusifiwa na wakubwa nikasema kutu ile ni uchafu, nikaamuru masanduku yang'olewe, chuma chote kikatupwa na takataka, ingawa nilijua fika ni kazi ya nani. Kila nilipomtembelea hospitalini aliniuliza, kwa Kiswahili cha wakwe zake, "Karenzi, chuma iko?" nami nikajibu, "Iko, dada," naye akatabasamu, na hivyo ndivyo nilivyomwacha hadi alipofariki Jumanne tarehe 19 Agosti, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wenzake wa kilimo, na Sulaiman, ambaye jana aliniuliza kama alete gunia jingine la chuma.

Dada, chuma haiko, niliitoa mimi, na nilikudanganya mpaka mwisho. Upumzike kwa amani, unisamehe.