Dympna Tarpey, Aliyesubiri Majina Yaishe

Kitu cha kwanza ambacho Grania Heraghty alikiona kwa shangazi yake ni kwamba hakuinuka. Ilikuwa Oktoba 2007 katika ukumbi wa parokia, hapa Portnahalla, na Grania alikuwa na umri wa miaka sita. Filamu ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wakipapasa makoti yao gizani. Dympna Tarpey alibaki amekaa, mikono juu ya mkoba, akisoma majina yaliyokuwa yakipanda ukutani kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Shangazi, imeisha."

"Haijaisha. Kaa chini. Aliyepika chai hajapita bado."

Leo, katika misa ya mazishi yake, zamu ni ya Dympna mwenyewe. Grania, anayesoma wasifu huu kwa niaba ya familia, anawaomba ninyi mliosimama nyuma karibu na mlango, mliozoea kuchomoka mara baada ya komunyo ili muwahi magari yenu, mbaki mpaka jina la mwisho lisomwe. Si ombi kubwa. Marehemu alilirudia kwa miaka thelathini na minne, na mwishoni alinyimwa.

Dympna alizaliwa tarehe 9 Februari 1951, katika vyumba vilivyokuwa juu ya duka la viatu la baba yake, Barabara ya Daraja, Portnahalla, Kaunti ya Mayo. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Festus na Philomena Heraghty.

Alisoma kwa masista wa mji huu, shule ya msingi hadi sekondari, na mwaka 1968 alifaulu mtihani wa mwisho kwa alama zilizomshinda kila mvulana wa parokia. Duka la viatu lingeweza kumsomesha mtoto mmoja tu Dublin. Akapelekwa kaka yake, Fintan. Fintan ni baba yake Grania, na ndiye aliyetaka jambo hili lisomwe leo mbele yenu.

Septemba ya mwaka huohuo Dympna alianza kazi katika posta ya mji, na alikaa nyuma ya dirisha lile hadi posta ilipofungwa tarehe 28 Februari 2014. Tarehe 30 Agosti 1975, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Malachy Tarpey, fundi umeme, mtu mpole ambaye alichelewa harusini kwa nusu saa kwa sababu taa za altare zilikuwa zimezimika na hakuna mwingine aliyejua pa kugusa. Walijaliwa binti mmoja, Attracta. Malachy alitangulia mwaka 2009.

Tamasha la Filamu Fupi la Portnahalla lilizaliwa dirishani pale posta. Binti mmoja wa hapa alikuwa ametengeneza filamu ya dakika nane, na alikuwa akiituma Dublin ndani ya kasha la bati. Kasha lilirudi mara nne. Mara ya nne Dympna hakulisukuma dirishani kama kawaida. Alilishikilia.

"Usilitume tena. Tutaionyesha hapa."

"Hapa wapi, Bi Tarpey?"

"Hapa hapa. Ukumbi upo, ukuta upo, na mume wangu ana waya."

Jumamosi ya tarehe 24 Oktoba 1987 zilionyeshwa filamu kumi na moja, zote za watu ambao hakuna aliyewajua. Kanuni ilikuwa moja tu: taa haziwashwi mpaka jina la mwisho lipite. Dympna alisema kijana asiye na fedha hawezi kumlipa aliyemwazima trekta wala aliyemchemshia viazi. Anachoweza kumpa ni jina lake ukutani, sekunde mbili, mbele ya majirani. Ukiwasha taa mapema unamwibia.

Viti havikutosha, kwa hiyo Bwana Lally, mzishi wetu, aliazimisha viti vyake hamsini vya kukunja, kwa sharti kwamba msiba ukitokea viti vitarudi msibani. Mwaka 1991 ulitokea. Bridie Cunnane alifariki Jumamosi mchana, na Bwana Lally akaingia ukumbini katikati ya filamu, kofia mkononi, akifuatwa na mume wa marehemu, mzee Tadhg.

"Dympna, samahani, nimekuja kuchukua viti."

"Vichukue, Lally. Msiba ni msiba."

Mzee Tadhg alitazama ukutani, akavuta kiti cha nyuma. "Waache wamalize," alisema. "Bridie hana haraka tena."

Alikaa mpaka majina yakaisha. Kisha watazamaji wote, na vijana waliotoka Cork na Belfast na filamu zao, wakabeba viti hadi nyumbani kwa Cunnane, wakala sandwichi za nyama ya paja na kumlilia mwanamke ambaye wengi wao hawakuwahi kumwona.

Mwaka 1998 alifika kijana aitwaye Lorcan Devane, amelowa chapachapa, filamu yake kaifunga ndani ya mfuko wa mkate. Ilikuwa ya dakika sita, na ilikuwa imekataliwa kila mahali.

"Umekula?" Dympna alimuuliza.

"Nimekula, Bi Tarpey."

"Muongo. Vua viatu. Majina mangapi mwishoni?"

"Sitini na mawili. Najua ni mengi..."

"Yote yatapita."

Na yote yalipita. Bwana Devane leo ni mtu mkubwa katika filamu, na tangu 2019 ni mwenyekiti wa kamati ya tamasha. Yuko nasi, kiti cha tatu upande wa kushoto, na familia inamshukuru kwa kufika. Familia pia iliombwa kwa upole isiyaguse yanayofuata. Inayagusa.

Mwaka 2021 kamati iliamua kulihamishia tamasha kwenye hoteli ya jijini, na kukata majina ili ratiba iende haraka. Dympna aliufunga mkutano ule kwa sentensi moja ambayo haikuandikwa kwenye kumbukumbu.

"Dympna mpenzi," mwenyekiti alisema, "watu siku hizi hawakai."

"Hawakai kwa sababu mnawawashia taa, Lorcan."

Alipewa bakuli la kioo na makofi. Kijitabu cha tamasha la 2022 kilipotoka, jina lake halikuwemo hata ukurasa wa mwisho, pale wanapotajwa wauza maua. Hakulalamika. Alikisoma hadi mwisho, akakirudia, kisha akakiweka chini ya bakuli.

Tarehe 14 Machi 2023 madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Wiki ileile alimpigia simu Grania, aliyekuwa akimalizia chuo.

"Una kamera?"

"Ninayo, shangazi. Kwani vipi?"

"Nataka kutengeneza filamu, na sina muda wa kujifunza."

Hiyo ndiyo filamu pekee ya maisha yake, mwanamke aliyeonyesha filamu za wengine zaidi ya elfu moja. Ina dakika kumi na moja. Saba za kwanza zinaonyesha viti vya Bwana Lally vikikunjuliwa kimoja kimoja katika ukumbi mtupu. Nne za mwisho ni majina: kila mtu wa Portnahalla aliyewahi kubeba kiti, kuchemsha maji, kuchana tiketi au kumlaza kijana wa filamu sebuleni kwake tangu 1987. Ni majina mia tatu na tisa. Aliyakumbuka akiwa kitandani, na Grania aliyaandika.

Alituma ombi kwa kamati ya tamasha kama mtu yeyote, akalipa ada, hakumpigia simu yeyote. Tarehe 28 Agosti likaja jibu la mistari miwili, bila sahihi. Filamu haikuchaguliwa. Mtengenezaji alishauriwa kufupisha majina.

"Wameitazama kweli?" Grania aliuliza, akilia.

"Wameitazama," alisema Dympna. "Tatizo ni kwamba walisimama mapema."

Hakupunguza hata jina moja. Alifariki nyumbani kwake Jumamosi, tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa amebakiza siku sita kutimiza miaka sabini na mitatu. Jana kamati ilitangaza tuzo yenye jina lake. Familia imeandika kuikataa, kwa mistari miwili, lakini yenye sahihi.

Ameacha binti yake Attracta, aliyesafiri kutoka Perth, na wajukuu Oisín na Treasa. Kaka yake Fintan. Dada yake, Sista Concepta. Mpwa wake Grania. Na mia tatu na tisa wengine, ambao hawatasomwa hapa.

Watasomwa Jumamosi hii, tarehe 10, saa moja jioni, katika ukumbi wa parokia. Hakuna kiingilio. Bwana Devane, jina lako ni la mia mbili na kumi na nne. Ulibeba viti mwaka 1998, na hakukufuta. Mkate na chai vipo. Bwana Lally ameahidi viti vyote hamsini, iwapo hakuna atakayefariki kati ya leo na siku hiyo, kwa hiyo jitunzeni.

Apumzike, Dympna wetu, katika giza lile alilolipenda. Jumamosi hakuna atakayegusa taa.