Wanasesere Wanaosubiri Sura

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Viongozi wa dini mliotufungulia ukumbi huu. Mafundi, wasusi, wafinyanzi na waandishi mliopanga kazi zenu mezani. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi watoto mliokaa chini hapo mbele, ambao nimeonywa nisiwachoshe: habari za mchana.

Mimi ndiye mwenyekiti wa soko hili la zawadi za Krismasi. Nilichaguliwa kwa sababu siku ya kikao nilichelewa, na nilipoingia nikakuta wenzangu wameshanipigia makofi. Basi nivumilieni.

Meza ya kwanza, mkono wangu wa kulia, ni ya mume wangu. Anaandika vitabu vya hadithi za watoto. Kuwa mke wa mwandishi, ndugu zangu, ni kazi. Jirani akisikia kitabu kimetoka, anakuja na uso wa furaha, anamkumbatia, anamwambia, "Hongera sana, shemeji. Nakala yangu iko wapi?" Jirani huyohuyo, Jumamosi anakwenda kwenye duka la milango ya vioo, anamnunulia mwanawe kitabu cha mtu asiyemjua, analipa bila kubembeleza, na akipewa mfuko anashukuru. Je, kosa la mume wangu ni kwamba tunamjua? Kosa la fundi ni kwamba anaishi mtaa wetu, na tumewahi kumwona akianika nguo?

Simsemi mtu. Ila naona baadhi yenu mmeanza kuangalia viatu vyenu.

Meza inayofuata ni ya mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi. Anashona wanasesere wa vitambaa. Waliopita pale wamekuja kuninong'oneza, "Mwenyekiti, mbona wale wanasesere hawana sura? Kazi haikuisha?" Haikuisha kwa makusudi. Nywele ameshona, magauni ameshona, hata vimfuko vya magauni ameshona. Lakini macho, pua na mdomo hashoni mpaka umweleze mtoto atakayepewa yukoje. Nimemsihi mara nyingi awatie tu tabasamu, wauzike. Ananijibu, "Dada, tabasamu la nani?"

Mwaka jana watu walivitazama vile vichwa vitupu, wakawavuta watoto wao mkono, wakapita. Aliuza mwanasesere mmoja tu, wengine akarudi nao nyumbani. Sasa kuna mama anayetaka kuinunua cherehani yake, na mdogo wangu amemwambia atampa jibu soko hili likifungwa. Habari hiyo alinipa akiwa anaosha vyombo, amenigeuzia mgongo. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja utoto mzima nilielewa kwa nini hakugeuka.

Mheshimiwa Diwani, kisa kinachofuata umeniruhusu mwenyewe kukisimulia, kwa hiyo usinikunjie uso. Mnunuzi wa yule mwanasesere mmoja ni Mheshimiwa. Alifika mezani kwa haraka zake za kila siku, simu sikioni, akachagua mmoja, akasema ni wa binti yake. Mdogo wangu akatunga uzi, akamuuliza, "Yukoje?"

"Mzuri," akasema Mheshimiwa.

"Wote wazuri, baba. Akicheka yukoje? Meno ya mbele yameng'oka, au bado?"

Mheshimiwa, ambaye baraza zima humuuliza maswali asibabaike, akaitoa simu sikioni. Akakata simu. Akasema, "Naomba kwanza nikamtazame."

Na kweli alikwenda. Kesho yake akaja nyumbani kwa mdogo wangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaeleza kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Jino moja la mbele limeng'oka, la pili linacheza. Ana kidoti juu ya unyusi. Akicheka, jicho la kushoto hutangulia kufumba. Akasema alikaa naye sakafuni jioni nzima, mpaka mtoto akamuuliza, "Baba, mbona leo unaniangalia?" Hapo Mheshimiwa alitoa leso, na mdogo wangu akajifanya anatafuta sindano.

Binti mwenyewe yuko hapa mbele, amempakata mwanasesere wake. Msimgeukie wote, ataona haya. Jino lake limeshaota. La mwanasesere bado ni pengo, na nasikia amekataa katakata lisishonwe.

Ndugu wageni, dukani hakuna atakayekuuliza unayempa zawadi yukoje. Hapa utaulizwa. Mfinyanzi wetu, kabla hajakuchagulia kikombe, atataka kujua kama bibi yako vidole vinamuuma. Mume wangu, kabla hajakupa kitabu, atauliza mtoto anaogopa nini. Ukikosa jibu, usione aibu; nenda kamtazame, kisha urudi. Sisi tupo. Tunapenda sana kuendelea kuwepo.

Nimebakiza jambo moja. Mheshimiwa akishakata utepe, mnunuzi wa kwanza ni mimi, na sitaki kupunguziwa bei kwa sababu ya undugu. Mdogo wangu, tunga uzi. Namtaka yule wa gauni la bluu. Ni zawadi ya mtu aliyewashonea watoto wa watu miaka yote hii, na yeye hajawahi kushonewa hata mmoja. Najua utaniuliza yukoje, na mimi sihitaji kwenda kumtazama. Ana mashavu ya mama yetu. Akitunga uzi hutoa ncha ya ulimi, kama anavyofanya sasa hivi. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, kwa hiyo hapo sijui utashonaje. Na akitaka kulia, huosha vyombo.

Leo hapa hakuna vyombo, mdogo wangu. Lia tu.

Nanyi wengine, asanteni kwa kunisikiliza. Mezani mnasubiriwa na swali moja. Anzeni kutafuta jibu.