Breki za Gari la Marehemu

Benchi letu limeegemea ukuta wa duka la vyuma. Wenyewe tuko wanne. Kuna Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hajastaafu kusema. Kuna Tani Saba, dereva wa malori wa zamani, na mama anayetuuzia kahawa. Wa nne ni mimi, mshona nguo, cherehani yangu iko mlango wa pili. Asubuhi moja Spana, kijana wa mtaani anayetengeneza magari, alikuja kukaa nasi akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Huyu si fundi wa kusomea. Ni mtu wa mikono tu, na mtaa ulimzoesha kusifiwa.

Kikombe alikishika bila kunywa. Akasema kuna gari la mteja fulani, amelibadilishia pedi za breki na diski za mbele, vyote vipya, lakini pedali imekuwa laini. Ukiikanyaga inazama kama mguu kwenye tope.

Mteja fulani! Gari lenyewe sote tulikuwa tumeliona uani kwa Spana, limepandishwa kwenye mawe. Lilikuwa la marehemu baba yake, na sasa dada yake mkubwa ndiye anayelitumia kumpeleka mama yao kliniki. Lakini mtu akijificha nyuma ya kidole, utamwambia anaonekana?

— Umetoa upepo kwenye mabomba? akauliza Tani Saba.

— Nimetoa mpaka mafuta ya breki yameisha chupa nzima.

— Basi iache. Haraka haraka haina baraka. Breki ya kushika polepole ndiyo breki.

Mwalimu akasema tatizo ni ugeni. Pedi ngeni, diski ngeni, hazijasalimiana. Zikitembea zitazoeana na pedali itakaza yenyewe. Haba na haba hujaza kibaba. Mama wa kahawa akatikisa kichwa. Yeye aliona gari linautafuta mguu wa marehemu, na kila mguu mwingine linaukwepa. Tani Saba akaapa kwamba aliwahi kuendesha lori lililokataa breki mpaka liliporudishiwa kiti chake cha zamani. Tukacheka. Mimi pia nilitia neno langu, kwamba hata suruali mpya hubana kwanza ndipo ikae. Neno la kipuuzi, maana yeye shida yake ilikuwa kulegea, si kubana.

Katika yote hayo, Spana alilishika moja tu, lile la kukaza yenyewe. Ndilo lililomfaa.

Dada yake alipopita kuchukua ufunguo, mama yao akimfuata taratibu, Spana alimpa mbele yetu. Akamwambia tu akanyage mara mbili mbili. Dada akamshukuru. Mama akatupungia mkono, nasi tukampungia.

Birika halijapoa, dada akarudi kwa miguu, peke yake, kiatu kimoja mkononi. Hakupaza sauti. Alieleza kwamba kwenye mteremko wa kliniki alikanyaga mara mbili mbili kama alivyoambiwa, pedali ikagonga sakafu. Akavuta breki ya mkono, gari likasugua ukingo wa barabara na kusimama juu ya kifusi. Mama amegonga goti. Barabara ilikuwa tupu, Mungu ndiye aliyeisafisha.

Kisha akamtazama ndugu yake.

— Ulijua?

Spana akaangalia mikono yake. Dada akatugeukia sisi.

— Na nyinyi wazee wangu, mlijua?

Mwalimu alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi.

Tuliondoka pamoja kwenda kulitoa gari. Mama tulimkuta kiti cha mbele, mlango wazi, goti limefungwa kitambaa. Alipomwona Spana alimuuliza kama amekula chochote tangu asubuhi. Spana akageuka upande wa pili.

Dada alimpeleka mama kliniki kwa gari la kukodi, sisi tukalivuta lile hadi uani. Spana akafungua magurudumu tena, safari hii bila ule mluzi wake wa kila siku. Kalipa zote mbili, yale makucha yanayobana diski, alikuwa amezitoa azisugue kutu. Katika kurudisha akazibadilisha: ya kushoto akaifunga kulia, ya kulia kushoto. Skrubu ya kutolea upepo, inayotakiwa kukaa juu, ikawa inatazama chini. Upepo hupanda juu, naye alikuwa anautafuta chini. Alizirudisha mahali pake, Tani Saba akakanyaga, yeye akafungua na kufunga skrubu, mpaka mafuta yakatoka bila povu. Pedali ikawa ngumu kama ubao. Hata hivyo alimwita fundi wa gereji alikague gari lote, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani.

Dada aliporudi, Spana alimsubiri getini.

— Nilijua, dada. Niliona haya kusema nimeshindwa.

— Haya zako zingetuzika leo, mdogo wangu.

Akaingia ndani. Hakumlaani, hakumsamehe.

Siku ya kliniki iliyofuata, dada alisema ataendesha Spana mwenyewe. Sote tulikuwa pale, tumesimama, hakuna aliyekaa benchini. Spana aliikanyaga pedali, akaachia, akakanyaga tena, jasho linamtoka na injini hata haijawashwa. Mama yake akachechemea hadi mlango wa mbele, akaingia, akaweka mkoba mapajani. Hakuuliza kama gari limepona.

— Twende, mwanangu, alisema.

Spana aliitazama miguu yake mwenyewe, ndipo akawasha gari.